Petroli ya Ndege katika Injini ya Gari la Kale

Gari lililoundwa mwaka 1955 ambalo lingali likitembea ni fahari kubwa ya mwenyewe. Nchini Uingereza, ambako magari ya namna hiyo yanatunzwa kwa maelfu, kila badiliko la petroli huwatia wenye magari hayo wasiwasi. Mwanzoni mwa mwaka 2000 petroli yenye risasi iliondolewa katika vituo vya kawaida vya nchi hiyo, na mwezi wa Septemba 2021 petroli ya kawaida ilianza kuchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hulainisha na kupasua mipira ya zamani, na huvuta unyevu ndani ya tangi. Ndipo macho ya wengi yalipogeukia viwanja vya ndege ndogo, ambako petroli yenye risasi na isiyo na ethanoli ingali ikiuzwa. Je, yafaa kutiwa katika gari?

Kwanza yafaa ieleweke kwamba mafuta ya ndege ni ya aina mbili zisizofanana hata kidogo. Ndege kubwa zenye injini za jeti hutumia mafuta yaliyo jamii moja na mafuta ya taa. Hayo yakitiwa katika injini ya petroli huleta hasara tupu. Ndege ndogo zenye injini za pistoni, kama zile zinazotua katika viwanja vya mbuga za wanyama vya Afrika Mashariki, hutumia petroli halisi. Iliyoenea zaidi leo hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na nyingine, na jina lake ni 100LL. Herufi hizo mbili humaanisha kwamba risasi yake ni kidogo, yaani kidogo kulinganishwa na petroli za ndege za zamani. Kiwango chake cha juu ni gramu 0.56 kwa lita, ilhali petroli yenye risasi ya magari nchini Uingereza haikuruhusiwa kuzidi gramu 0.15 kwa lita tangu mwaka 1986. Kwa hiyo tangi la lita 50 laweza kubeba gramu 28 za risasi.

Risasi iliingiaje katika petroli? Katika injini, mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli hugandamizwa na pistoni, kisha huwashwa na cheche ya plagi. Moto hutakiwa kusambaa kwa utaratibu kutoka kwenye plagi hadi kwenye kuta za silinda. Mgandamizo ukizidi uwezo wa petroli, ile sehemu ya mchanganyiko ambayo haijafikiwa na moto hulipuka yenyewe kwa ghafula, na ndipo dereva asikiapo injini ikigonga. Mwezi wa Desemba 1921, Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya utafiti kwa kampuni ya General Motors mjini Dayton, Marekani, aligundua kwamba kiasi kidogo cha tetraethili ya risasi huzuia mlipuko huo. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka uliofuata wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa sumu yake.

Uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo hupimwa kwa okteni. Hapa ndipo kosa la kwanza la wapenzi wa magari ya kale lilipo. Okteni si kipimo cha nguvu. Injini ya Morris Minor ya miaka ya 1960, yenye uwiano wa mgandamizo wa takriban 8.5 kwa 1, hutosheka na petroli ya kawaida ya leo, na ikipewa petroli ya ndege haiongezi mwendo wowote. Faida huwapo tu kwa injini zenye mgandamizo mkubwa, kama baadhi ya zile za mashindano.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Vali ya kutolea moshi huwa ya moto sana, na kila ifungapo hugonga kiti chake. Kiti hicho kikiwa kimechongwa katika chuma cha kusubu, kama ilivyo katika silinda hedi za magari mengi ya Kiingereza ya zamani, vipande vidogo mno vya chuma hunata kwenye vali na kung'oka, kisha husaga kiti kama msasa. Chumvi za risasi zilikuwa zikitanda hapo na kuzuia mnato huo. Risasi isipokuwapo, kiti huliwa, vali huzama, nafasi yake ya kucheza hutoweka, na mwishowe vali haifungi sawasawa, nayo huungua. Hata hivyo madhara hayo huonekana hasa kwa gari linaloendeshwa kwa kasi muda mrefu; gari la kwenda sokoni na kurudi laweza kukaa miaka mingi bila kuyapata. Tena gari lenye silinda hedi ya aluminiamu, kama Peugeot 404 au Volkswagen ya injini nyuma, halina viti vya namna hiyo, kwani aluminiamu ni laini na sharti lipachikwe viti vya chuma kigumu zaidi tangu kiwandani.

Petroli ya ndege inayo pia matatizo yake. Mvuke wake hutoka kwa shida zaidi, kwa kuwa imetengenezwa isichemke katika mabomba ndege iwapo juu. Kwa hiyo injini huwa nzito kuwaka asubuhi ya baridi. Ni nyepesi kuliko petroli ya gari, hivyo kabureta isiyorekebishwa hupitisha mafuta pungufu kidogo. Aidha risasi yake huondolewa silindani kwa msaada wa dibromidi ya ethilini, ambayo hufanya kazi vema injini inapokuwa ya moto na yenye mzigo. Ndege hupaa ikiwa katika hali hiyo. Gari hukwama kwenye foleni, na plagi zake hujaa masizi ya risasi. Na gari lolote lenye chombo cha kusafishia moshi chenye platini litaharibika chombo hicho.

Lililo zito kuliko yote ni sumu. Tetraethili ya risasi hupenya ngozi, na fundi aliyezoea kunawa mikono kwa petroli, au kuinyonya kwa mpira, hujihatarisha kwelikweli. Risasi itokayo kwenye ekzosi huanguka katika vumbi la uani, na mtoto aimezapo, mwili wake huifyonza mara nne hadi tano zaidi ya wa mtu mzima. Huharibu ubongo unaokua, na hakuna kiasi chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Ndiyo sababu nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza petroli hiyo kwa magari kufikia Januari 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, ikafuata mwezi wa Julai 2021. Nchini Uingereza kuitia petroli ya ndege katika gari la barabarani ni kosa la kisheria, maana ushuru wake ni tofauti.

Dawa ya viti vya vali iko kwa fundi wa mashine: silinda hedi hufunguliwa, viti vya zamani huchongwa, na vipya vya chuma kigumu hupachikwa. Kazi hiyo hufanywa mara moja tu. Kwa asiyetaka kufungua injini, zipo dawa za kuchanganya na petroli zenye potasiamu, fosforasi au manganizi. Petroli ya ndege yenyewe nayo inabadilika: mwezi wa Septemba 2022 wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani waliidhinisha petroli ya okteni 100 isiyo na risasi kwa injini zote za ndege zinazowashwa kwa cheche, na lengo lililowekwa nchini humo ni kuondoa risasi katika petroli ya ndege kabla ya mwisho wa mwaka 2030.