Maji na Wiski Katika Picha ya "The African Queen"

MTU wa pwani aliyezoea minazi na mikoko, akiingia msitu wa Kakamega kwa mara ya kwanza hushangaa. Miti imekutana juu, jua halifiki chini, na mbega na kima wanarukaruka matawini. Wataalamu wasema huu ni mabaki, upande wa mashariki, ya ule msitu mkubwa wa Kongo. Basi mpenzi wa sinema asiye na nauli ya kwenda Kongo, na aende Kakamega aone mfano wa mahali ilipopigwa picha mashuhuri ya "The African Queen".

Picha hiyo ilipigwa mwaka 1951. Hadithi yake ni ya Tanganyika ya Wajerumani mwaka 1914, lakini mwongozaji, John Huston, aliwapeleka Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kwenye mto Ruiki huko Kongo, kisha Uganda. Mashua yao ilikuwa ya kweli, iliyoundwa Uingereza mwaka 1912. Ilipata kuzama, ikabidi iibuliwe ndipo kazi iendelee.

Ajabu ni kwamba wachezaji walipoonekana wamo majini, hawakuwa Afrika! Sehemu hizo zilipigwa studio, London, kwa kuwa maji ya huku yalihofiwa kuwa na kichocho. Hata ruba waliomganda Bogart walikuwa wa mpira.

Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha maji ya kunywa. Huston na Bogart walikuwa watu wa wiski. Bibi Hepburn, kwa kuwasuta, akinywa maji matupu mbele yao. Kumbe maji yale yalikuwa machafu! Akashikwa na tumbo la kuendesha, hata siku alipokuwa akipiga kinanda katika onyesho la kanisani akawekewa ndoo kando. Wale wawili hawakuugua, na Bogart akajigamba kwamba wiski ndiyo iliyomkinga.

Msomaji asidanganyike. Kilichowaokoa ni kutoyagusa maji yale. Laiti yangalichemshwa vizuri, bibi naye angalisalimika. Dawa ilikuwa sufuria na kuni, wala si chupa.

Tena tazama mwisho wao. Bogart, mnywaji na mvutaji sigara, alifariki mwaka 1957 kwa saratani ya umio, akiwa na miaka 57. Bibi aliyekunywa maji aliishi mpaka mwaka 2003, akafa ana miaka 96.