Kizuri Chajiuza? Maduka Makuu ya Denmark na Uteuzi wa Wanunuzi Wake

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hufundishwa katika ngazi zote za elimu, na aghalabu hufasiriwa kana kwamba soko ni hakimu asiyekosea: kilicho bora hakihitaji mpigadebe, kwani wanunuzi watakifuata kilipo. Mnamo Januari 2023, hata hivyo, shirika la ushirika la Coop nchini Denmark lilitangaza kwamba lingeyafunga maduka ya Irma, yaliyokuwa yamewahudumia wakazi wa Copenhagen tangu mwaka wa 1886. Tangazo hilo lilipokewa kwa masikitiko makubwa. Watu waliyasifu maduka hayo kwa kahawa yake, mvinyo wake na ustaarabu wake. Hata hivyo, maduka hayo hayo yalikuwa yakipata hasara kwa muda mrefu. Ni bayana basi kwamba wengi wa waliokuwa wakiyasifu walikuwa wakijaza vikapu vyao kwingineko.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi misururu ya maduka makuu ya Denmark inavyotofautiana, na mambo yanayomwongoza Mdenmark anapoamua mahali pa kununulia chakula chake. Kwa kufanya hivyo, methali iliyotajwa itapimwa kwa mizani ya soko lenyewe.

Mizizi ya Maduka

Maduka ya Denmark yana mizizi mikuu miwili. Wa kwanza ni ushirika. Mnamo 1866, katika mji mdogo wa Thisted ulioko kaskazini-magharibi mwa rasi ya Jutland, kasisi Hans Christian Sonne alianzisha duka la ushirika kwa ajili ya wafanyakazi maskini. Kielelezo chake kilikuwa duka la wafumaji wa Rochdale, Uingereza, lililoanza mwaka wa 1844. Utaratibu ulikuwa rahisi: wanachama waliunganisha fedha zao, wakanunua bidhaa kwa jumla, kisha ziada iliyopatikana ikagawanywa miongoni mwao kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Haba na haba ilijaza kibaba. Maduka ya aina hii yalienea vijijini, na mwaka wa 1896 yakaunda muungano wa kitaifa uliojulikana kwa kifupi kama FDB. Coop ya leo ndiyo mrithi wa muungano huo, na hadi sasa ni mali ya wanachama wake.

Historia hii haiko mbali sana na Afrika Mashariki. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Denmark na majirani zake wa Skandinavia walisaidia kuimarisha vyama vya ushirika nchini Kenya, hususan katika mafunzo na uwekaji hesabu. Tofauti ni kwamba ushirika wa Kenya ulistawi zaidi upande wa mkulima na wa mweka akiba, ilhali ule wa duka la Thisted ulimlenga mnunuzi.

Mzizi wa pili ni biashara ya familia. Ferdinand Salling alifungua duka lake mjini Aarhus mwaka wa 1906. Mwanawe, Herman, ndiye aliyeleta mageuzi: alianzisha Føtex mwaka wa 1960, Bilka mwaka wa 1970, na Netto mwaka wa 1981. Kampuni hiyo, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Dansk Supermarked, ilibadilisha jina na kuwa Salling Group mwaka wa 2018, na inamilikiwa na wakfu zilizoachwa na familia hiyo. Kwa hivyo, sehemu ya faida yake hurudi katika jamii kupitia misaada ya elimu, michezo na utamaduni.

Wageni nao hawakukawia. Aldi iliingia kutoka Ujerumani mwaka wa 1977, Rema 1000 kutoka Norway mwaka wa 1994, na Lidl, pia ya Ujerumani, mwaka wa 2005. Kando ya hao wapo wafanyabiashara wanaomiliki maduka yao wenyewe chini ya majina kama vile Meny, Spar na Min Købmand, ambao hupata bidhaa kupitia kampuni ya Dagrofa.

Majina na Maana Zake

Mwanafunzi wa lugha atavutiwa na majina ya maduka haya, kwa sababu kila jina hubeba ahadi. Jina Brugsen, linalopatikana katika SuperBrugsen na Dagli'Brugsen, limetokana na neno la Kidenmark lenye maana ya chama cha watumiaji bidhaa. Historia nzima ya ushirika imekunjwa humo. Føtex ni muungano wa vipande viwili vya maneno, kimoja cha chakula na kingine cha nguo, kwa kuwa duka hilo liliviuza vyote chini ya paa moja. Netto ni istilahi ya wahasibu inayodokeza bei iliyoondolewa ziada zote. Rema ni ufupisho wa jina la familia ya Reitan na neno la Kinorwe la chakula, huku 1000 ikiashiria idadi ya bidhaa zilizokusudiwa kuuzwa: chache, zisizomchanganya mnunuzi.

Irma ni tofauti. Ni jina la mwanamke, na nembo yake ilikuwa picha ya msichana. Majina mengine yanazungumzia bei, bidhaa au umiliki; hili lilizungumza na moyo. Si ajabu kwamba maombolezo ya mwaka wa 2023 yalifanana na ya kumlilia mtu.

Madaraja ya Maduka

Maduka ya Denmark yanaweza kuainishwa katika madaraja matatu. Kwanza, kuna maduka ya bei nafuu: Netto, Rema 1000, Lidl na Coop 365discount. Haya ni madogo, bidhaa zake ni chache, mara nyingi hupangwa zikiwa bado katika makasha, na wahudumu wake si wengi. Pili, kuna maduka makuu ya kawaida kama vile Føtex, SuperBrugsen na Meny, ambayo yana uteuzi mpana zaidi wa nyama, mkate na mboga, na bei yake iko juu kidogo. Tatu, kuna maduka makubwa mno, Bilka likiwa mfano mkuu, ambamo mtu hununua maziwa, baiskeli na runinga katika safari moja.

Daraja la kwanza ndilo lenye nguvu. Zaidi ya theluthi moja ya mauzo ya vyakula nchini humo hupitia maduka ya bei nafuu. Jambo hili huwashangaza wageni, kwa kuwa Denmark ni miongoni mwa nchi tajiri duniani. Sababu zake ni kadhaa. Gharama ya maisha ni ya juu, na tangu 1992 kodi ya ongezeko la thamani imekuwa asilimia 25. Kinyume na nchi nyingi za Ulaya, chakula hakikupewa nafuu katika kiwango hicho. Aidha, sheria za mipango ya ardhi zimezuia kwa muda mrefu ujenzi holela wa maduka makubwa mno nje ya miji, hivyo maduka madogo yakapata nafasi ya kuzagaa mitaani. Fauka ya hayo, wakazi wengi wa mijini husafiri kwa baiskeli. Mwenye baiskeli habebi shehena ya wiki nzima. Hununua kidogo kidogo, mara kwa mara, na kwa hivyo hupenda duka lililo njiani.

Mambo Yanayomwongoza Mnunuzi

Jambo la kwanza ni bei, lakini bei kwa namna yake. Kwa miongo mingi, kila wiki familia zimekuwa zikipokea majarida ya matangazo ya bei zilizopunguzwa, ambayo siku hizi husomwa pia kwenye simu. Mnunuzi hulinganisha: siagi ni nafuu Netto, kahawa ni nafuu Føtex, nyama ni nafuu Rema. Hivyo mtu mmoja anaweza kuingia maduka matatu kwa wiki moja bila kujiona msaliti. Kutafuta nafuu si fedheha. Tajiri na mwanafunzi hupanga foleni moja. Serikali ilipotoza kodi ya mafuta yaliyomo katika vyakula kuanzia Oktoba 2011, baadhi ya wanunuzi walivuka mpaka kwenda Ujerumani kununua siagi, na kodi hiyo ikaondolewa mwanzoni mwa 2013.

Jambo la pili ni jinsi chakula kilivyozalishwa. Denmark ilipitisha sheria ya kilimo hai mwaka wa 1987, na nembo nyekundu ya serikali yenye herufi Ø ikafuata punde baadaye ili kumhakikishia mnunuzi kwamba bidhaa imekaguliwa. Mnamo 1993, SuperBrugsen ilipunguza bei ya bidhaa hizo, hususan maziwa, nazo zikaanza kuingia katika nyumba za watu wa kawaida. Leo zaidi ya asilimia 10 ya vyakula vinavyouzwa madukani ni vya kilimo hai, kiwango ambacho ni miongoni mwa vya juu kabisa duniani.

Jambo la tatu ni kuepuka uharibifu. Mwaka wa 2008, kufuatia kampeni iliyoongozwa na Selina Juul dhidi ya utupaji wa chakula, Rema 1000 iliacha kutoa punguzo kwa anayenunua vingi kwa pamoja, kwa hoja kwamba mtindo huo humshawishi mtu kununua asichokihitaji. Mwaka wa 2016, shirika la misaada la kanisa lilifungua duka la Wefood mjini Copenhagen, linalouza chakula ambacho maduka mengine yangekitupa. Chupa na makopo nayo hayatupwi ovyo: mnunuzi hulipa amana ya krone 1, 1.50 au 3, kisha hurudishiwa anapoyapeleka kwenye mashine dukani.

Hatimaye, ipo asili ya bidhaa. Mvutano kati ya Denmark na Marekani kuhusu Greenland ulipopamba moto, wateja waliomba njia rahisi ya kutambua bidhaa zisizo za Kimarekani. Machi 2025, Salling Group ilianza kuweka alama ya nyota kwenye vibandiko vya bei vya bidhaa za kampuni za Ulaya. Haikuiondoa bidhaa yoyote. Ilimwachia mnunuzi uamuzi.

Anguko la Wawili

Ikiwa bei ndiyo kila kitu, Aldi ingelikuwa mfalme. Ilikuwa miongoni mwa waasisi wa maduka ya bei nafuu nchini humo. Badala yake, Desemba 2022 ilitangaza kuondoka, na sehemu kubwa ya maduka yake ikachukuliwa na Rema 1000. Kwa Wadenmark wengi, Aldi ilibaki duka la kigeni, lenye bidhaa zisizo na majina waliyoyazoea. Rahisi pekee haikutosha.

Ikiwa ubora ndio kila kitu, Irma ingelikuwa hai. Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Irma ilijipatia sifa kwa vyakula vya kilimo hai, kahawa bora na mkate mzuri, wakati vitu hivyo vilikuwa adimu. Lakini kadiri miaka ilivyopita, maziwa yenye nembo ya Ø yalifika Netto, mkate mzuri ukafika Rema, na mvinyo ukafika Lidl. Bei za vyakula zilipopanda ghafla mwaka wa 2022, mnunuzi hakuwa tena na sababu ya kulipa zaidi kwa kitu alichoweza kukipata jirani kwa bei ya chini. Irma haikushindwa kwa kuwa watu walikataa ladha yake. Ilishindwa kwa kuwa ladha yake ilienea kote, na wengine wakaiuza kwa bei nafuu. Kufikia mwaka wa 2024, maduka yote ya Irma yalikuwa yamefungwa au kugeuzwa kuwa maduka mengine ya Coop.

Hitimisho

Imebainika kwamba Mdenmark hachagui baina ya bei na ubora. Huvitaka vyote viwili, karibu na nyumbani, na kutoka kwa muuzaji anayemwamini. Duka lililompa kimoja tu, liwe Aldi au Irma, lilianguka. Methali basi haijakosea, ila imeacha jambo moja bila kulitamka. Kizuri hujiuza, lakini si lazima mnunuzi akinunue kwa aliyekileta kwanza, wala sifa hazilipi kodi ya pango. Duka huishi kwa kile ambacho watu hufungulia mikoba yao, si kwa kile wanachokitaja kwa mapenzi. Wapenzi wa Kiswahili, ambao lugha yao husifiwa majukwaani ilhali vitabu vyake husalia rafuni, hawahitaji kusafiri hadi Copenhagen ili kulielewa hilo.