MAGHALA YA BARIDI NA HATARI YA AMONIA

Kuku, nyama na samaki wapelekwao nchi za mbali kwa meli hawaozi njiani, kwa sababu kwanza hugandishwa katika ghala la baridi. Wengi wameona barafu, lakini si wengi wajuao jinsi baridi hiyo ifanywavyo, wala hatari yake kwa wafanyao kazi pale na kwa jirani zao.

Kila mtu ajua ya kuwa maji ya mtungi wa udongo huwa baridi. Sababu yake ni kwamba maji yapenyayo nje ya mtungi hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Amonia hufanya kazi iyo hiyo kwa nguvu nyingi zaidi. Maji huchemka kwa digrii 100, lakini amonia isiyobanwa huchemka kwa digrii 33 chini ya sifuri. Hupitishwa katika mabomba ndani ya ghala, ikachemka humo na kuchukua joto la chumba. Kisha mtambo huushindilia mvuke wake, nao hupozwa nje hata uwe maji tena.

Maadamu imo bombani, amonia ni mtumishi mwema. Ikitoka ni adui. Hupenda maji mno, nayo huyatafuta katika mwili wa mtu, machoni, kooni na mapafuni, na kuunguza. Haina rangi, lakini harufu yake ni kali sana, na harufu hiyo ndiyo mlinzi wa kwanza.

Tutazame yaliyotokea Theodore, katika jimbo la Alabama, Marekani, tarehe 23 Agosti 2010, kwenye ghala la Millard Refrigerated Services. Siku iliyotangulia umeme ulikatika kwa muda wa saa saba na zaidi. Wakati huo mabomba ya chumba kimoja yalikuwa yakiyeyushwa barafu kwa mvuke wa moto wa amonia, kama ilivyo desturi. Mitambo ilipowashwa tena, fundi alifuta alama za hatari katika kompyuta, na mtambo ukaingia mara moja katika kazi ya kugandisha, kabla mvuke ule haujatolewa. Mvuke wa moto ukakutana na amonia baridi, ukanywea ghafula, na maji ya amonia yakapiga mabomba kama nyundo. Bomba la juu ya dari, lenye upana wa inchi 12, likapasuka.

Amonia iliyotoka ilikuwa ratili 32,100. Upepo uliichukua hadi kwa mabaharia na kwa watu waliokuwa wakisafisha mafuta yaliyomwagika mwaka ule katika Ghuba ya Mexico. Zaidi ya watu 150 waliugua, na 32 walilazwa hospitali.

Kamati ya Serikali ya Marekani ichunguzayo ajali za namna hii ilitoa taarifa yake mwaka 2015. Iliona ya kuwa mafundi walijaribu kufunga vali mojamoja huku mtambo ungali ukienda, badala ya kuuzima wote kwa swichi ya hatari.

Basi mafunzo ni haya:

1. Umeme ukirudi, mitambo iwashwe polepole, na mvuke wa moto utolewe kwanza. Haraka haraka haina baraka.

2. Amonia ikivuja na kuzibwa upesi haiwezekani, mtambo wote uzimwe mara moja. Hasara ya kuku walioyeyuka hulipika, mapafu hayalipiki.

3. Uisikiapo harufu, tazama upepo watoka wapi, kisha kimbia kwa kuukata upande, wala usikimbilie uendako. Usirudi kuchukua kitu.

4. Aliyeingiwa na amonia machoni aoshwe kwa maji mengi safi, kwa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe kwa daktari. Lakini maji yasimwagwe juu ya dimbwi la amonia, kwani huichemsha na kuzidisha mvuke.

Wazee na walimu wenye vijana waendao mijini kutafuta kazi wawaeleze hivi: kabla ya kushika kazi katika ghala la baridi, kijana na aulize swichi ya hatari i wapi na mlango wa kutokea ni upi. Kuuliza si aibu.