Nani aliua wanaanga wa Columbia? Uzi kwa wale wanaoitaja kila tukibishana

Wadau, uzi mrefu kidogo, mvumilie.

Kila tukibishana hapa kuhusu sheria za mazingira, lazima atokee mtu aseme: "Watu wa mazingira ndio waliua wale wanaanga saba wa Columbia." Upande wa pili nao haukawii: "Wapi, ni wale wa kukata bajeti!" Baada ya hapo ni matusi tu. Sasa hebu tuangalie ilivyokuwa.

Columbia iliruka kutoka Florida tarehe 16 Januari 2003. Sekunde kama 82 baadaye, kipande cha povu gumu la kukinga joto kilibanduka kwenye tangi la nje la mafuta, kikagonga bawa la kushoto. Hakikufika hata kilo moja. Tarehe 1 Februari, zikiwa zimebaki takriban dakika 16 chombo kitue, kilikatika vipande vipande juu ya Texas. Wote saba wakafa.

Wa kwanza kuja na lao walikuwa watu wa ugaidi, kwa sababu ndani alikuwemo Ilan Ramon, Mwisraeli wa kwanza kwenda angani. Chombo kilikuwa kilomita 60 hivi juu, kikienda karibu mara 18 ya kasi ya sauti. Gaidi gani ana kombora la kufika huko? Tusonge.

Swali la maana lilikuwa hili: povu jepesi vile linavunjaje bawa? Hata ndani ya NASA, siku za mwanzo wakubwa hawakuliamini. Jibu ni kasi. Povu likibanduka, hewa inalipunguzia mwendo papo hapo, na chombo kinakuja nyuma yake kwa nguvu. Waligongana kwa kama kilomita 800 kwa saa. Julai 2003 walifanya jaribio San Antonio: wakarusha kipande kama kile kwa mzinga wa gesi kwenye ukingo wa bawa. Kikatoboa tundu la karibu sentimita 40. Kwa tundu kama hilo, wakati wa kurudi, hewa ya moto iliingia ndani ya bawa na kuyeyusha alumini.

Haya, hoja ya mazingira. Ati NASA ililazimishwa kuacha povu lenye gesi za CFC, ikatumia jipya lililokuwa dhaifu. Tuwe wakweli, hoja hii haikutoka hewani. Povu la sehemu kubwa ya tangi lilibadilishwa kweli, na mwaka 1997 chombo kimoja kilirudi na vigae vingi vimeharibika. Lakini kipande kilichoua Columbia kilitoka sehemu nyingine, pale tangi linaposhikana na chombo kwa mbele, na pale walikuwa bado wanatumia povu la zamani, lile lile la CFC, kwa ruhusa maalum. Isitoshe, povu liliwahi kubanduka sehemu hiyo hiyo mwaka 1983. Itifaki ya Montreal ilitiwa saini 1987. Sheria gani hiyo inaua miaka minne kabla ya kuandikwa?

Hoja ya bajeti ina uzito zaidi. Bodi ya uchunguzi iliona kwamba uwezo wa kifedha wa mpango huo ulishuka kama asilimia 40 ndani ya mwongo mmoja. Ila wanaoitumia kupiga chama kimoja tu wanaficha kitu: muda huo walitawala wa pande zote mbili.

Halafu kuna jambo ambalo pande zote mbili hulikwepa, pengine kwa sababu halina kura. Oktoba 2002, safari mbili tu kabla, povu la sehemu ile ile lilibanduka tena. Safari hazikusimamishwa. Kulikuwa na haraka ya kumalizia kipande cha kituo cha anga kabla ya 19 Februari 2004. Hadi skrini za kompyuta za wakubwa ziliwekewa saa ya kuhesabu siku.

Columbia ikiwa bado angani, wahandisi waliomba picha za bawa kutoka kwa setilaiti au mitambo ya jeshi. Maombi matatu. Hakuna lililofaulu. Walitegemea hesabu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa vipande vidogo mno. Hiki kilikuwa kikubwa mara mamia.

"Hata wangejua, wangefanya nini?" Hilo nalo huulizwa sana. Bodi ililichunguza. Kwa kubana matumizi, wanaanga wangeweza kukaa juu hadi 15 Februari. Chombo kingine, Atlantis, kilikuwa tayari kinaandaliwa Florida kwa safari ya Machi. Kwa kufanya kazi usiku na mchana kingeweza kuruka kufikia 10 Februari, mambo yote yakienda sawa. Ni hatari, na hakuna wa kuahidi kwamba ingefaulu. Lakini ili mtu aamue kujaribu, ilibidi kwanza picha zipigwe.