Vihisi vya Moshi katika Gari la Familia Lililopitia Kasumbalesa

Sehemu kubwa ya magari ya familia yanayotembea Lubumbashi, Likasi na Kolwezi yalitumika kwanza Japani, yakashushwa katika bandari ya Dar es Salaam au Durban, kisha yakavuka Zambia kwa barabara hadi Kasumbalesa, mji wa mpakani katika eneo la Sakania, usiofika kilomita 100 kutoka Lubumbashi. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 Japani, Marekani na Umoja wa Ulaya ziliuza nje magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14, na kwamba Afrika ndiyo iliyopokea sehemu kubwa zaidi ya hayo. Gari la namna hiyo, hata likiwa na miaka 15 au 20, linakuja na mfumo wa vihisi uliobuniwa kwa ajili ya sheria za hewa safi za nchi lilikotoka, na mmiliki wake mpya, ambaye pengine hajawahi kuombwa na mtu yeyote kupimiwa moshi wa gari lake, huona vihisi hivyo kuwa mzigo wa kigeni ambao kazi yake pekee ni kuwasha taa ya njano kwenye dashibodi. Dhana hiyo inamgharimu fedha, kwa sababu kihisi kilekile kinacholinda hewa ndicho kinachoamua ni kiasi gani cha petroli, au esansi kama wanavyoiita watu wa Katanga, kitakachomwagwa ndani ya injini kila sekunde.

Kihisi kikuu ni kile cha oksijeni, ambacho mafundi wa Kongo hukiita sondi lambda. Umbo lake linakaribia la plagi. Kimekazwa kwa nyuzi katika bomba la moshi, na ncha yake ina kauri ya zirkonia ambayo upande mmoja hugusa moshi na upande wa pili hugusa hewa ya nje. Ikishapata joto la kiasi cha nyuzi 300 za Selsiasi na kuendelea, kauri hiyo huzalisha umeme mdogo kulingana na tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili: takriban volti 0.9 moshi unapokuwa na oksijeni chache, yaani petroli imezidi, na takriban volti 0.1 oksijeni inapobaki nyingi, yaani petroli imepungua. Kompyuta ya injini husoma umeme huo, ikapunguza petroli au kuiongeza, kisha ikasoma tena, ili mchanganyiko uzunguke karibu na uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, ambao ndio uwiano wa kuunguza mafuta yote bila kubakiza oksijeni. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyokitengeneza, na magari ya kwanza kufungwa kihisi hicho kiwandani, mwaka 1976, yalikuwa ya Volvo yaliyolengwa kwa soko la Marekani.

Faida yake huonekana wazi zaidi Katanga kuliko pwani. Gari lililoanza safari kwenye usawa wa bahari Dar es Salaam huishia katika uwanda ulio juu zaidi ya mita 1,200, ambako shinikizo la hewa limepungua kwa zaidi ya asilimia 10, na kama kipimo cha petroli kingebaki kile cha pwani, injini ingekunywa kupita haja na kutoa moshi mweusi. Katika magari ya zamani yenye kabureta, fundi alilazimika kurekebisha kabureta kwa mkono ili ilingane na mwinuko. Katika gari lenye vihisi, kazi hiyo hufanywa njiani na kompyuta yenyewe, mradi sondi iko hai. Sondi ikifa, kompyuta huacha kuitegemea na kutumia vipimo vya akiba vilivyoandikwa kiwandani, ambavyo kwa kawaida huegemea upande wa petroli nyingi ili injini isiungue, na dereva huanza kujaza tangi mara nyingi zaidi bila kujua sababu.

Kuna sondi ya pili, iliyofungwa nyuma ya katalizeri, yaani chombo cha kusafishia moshi ambacho ndani yake mna kauri yenye matundu madogo yaliyopakwa platini, paladiamu na rodiamu. Metali hizo huchochea monoksidi ya kaboni, ambayo ni sumu isiyo na harufu, igeuke kuwa kabonidayoksaidi. Huunguza masalia ya petroli. Na huvunja oksidi za nitrojeni zinazowasha mapafu. Sondi ya mbele ndiyo inayoongoza petroli, ilhali ile ya nyuma, katika magari mengi, hukagua tu kama katalizeri inafanya kazi: ya mbele inapopandisha na kushusha umeme wake harakaharaka, ya nyuma inapaswa kutulia. Zikianza kucheza kwa mwendo mmoja, kompyuta huamua kwamba katalizeri imechoka au haipo, nayo huwasha taa na kuandika msimbo P0420.

Hapo ndipo kosa la kawaida la gereji hutokea, nalo linastahili kuelezwa kwa urefu. Msimbo unaotaja sondi hausemi kwamba sondi imeharibika. Unasema kwamba sondi imetoa habari ambayo kompyuta haikuitarajia, na mara nyingi sondi ni shahidi mkweli wa kosa lililofanyika kwingine. Plagi moja ikishindwa kuwasha, hewa ya silinda ile hutoka na oksijeni yake yote, sondi huipima na kuripoti kwamba petroli ni chache, ingawa kwa kweli petroli imetoka bila kuungua, kisha kompyuta huongeza petroli juu ya ile iliyopotea. Vivyo hivyo, tundu dogo katika bomba la moshi mbele ya sondi, ambalo si jambo la ajabu kwa gari linalogonga mashimo kila siku, hunyonya hewa ya nje kati ya mapigo ya moshi na kuifanya sondi iripoti upungufu usiokuwepo. Mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya kihisi cha hewa huleta dalili hiyohiyo, safari hii kwa haki, kwa kuwa hewa imeingia bila kuhesabiwa. Katika hali zote hizo, mmiliki anayenunua sondi mpya atalipa, taa itazimwa kwa mashine, na baada ya siku chache itawaka tena.

Kihisi hicho cha hewa, kilichopo kati ya chujio na injini, kina waya mwembamba unaopashwa moto, na kiasi cha umeme kinachohitajika kuudumisha katika joto lake ndicho kipimo cha hewa inayopita. Vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, ndilo adui yake mkubwa, kwa sababu chujio lililojaa au lililopasuka huruhusu chembe kuganda juu ya waya, na waya uliofunikwa hupima hewa pungufu. Dawa yake ni kubadilisha chujio mapema kuliko kitabu cha gari kinavyoagiza, kwa kuwa kitabu hicho kiliandikwa kwa barabara za lami za Japani, na kuusafisha waya kwa dawa maalumu ya kupuliza, bila kuugusa kwa kidole, kitambaa wala brashi. Magari mengine hayana kihisi hiki, bali hupima shinikizo la hewa ndani ya njia ya kuingizia, na hayo huvumilia vumbi vizuri zaidi.

Sondi yenyewe huzeeka kwa joto na kwa sumu. Zile za zamani zenye waya mmoja au miwili, ambazo hutegemea joto la moshi peke yake, hutarajiwa kudumu kilomita 50,000 hadi 80,000 hivi. Zenye waya mitatu au minne, ambazo zina kipasha joto ndani, huweza kufika 100,000 na kuendelea. Risasi, ambayo zamani iliua sondi na katalizeri kwa muda mfupi, iliondolewa katika petroli ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, lakini sumu nyingine zimebaki: fosforasi ya oili inayovuja na kuungua ndani ya injini, maji ya rejeta yanayopenya kwenye gasketi ya kichwa, na silikoni ya kuzibia ambayo fundi huipaka kwa ukarimu kupita kiasi. Petroli inayouzwa kwa chupa na madumu kandokando ya barabara, na wauzaji wanaoitwa kadhafi katika miji mingi ya Kongo, huweza kuwa imechanganywa na maji au mafuta ya taa. Madhara yake huanzia kwenye plagi, hupita kwenye sondi, na kumalizikia kwenye katalizeri, ambayo huweza kuyeyuka ndani pale petroli isiyoungua inapowaka humo. Taa ya injini inayowaka na kuzima mfululizo wakati gari linatembea huonya juu ya jambo hilo hasa, na dereva hana budi kupunguza mwendo na kusimama.

Vipimo havihitaji gereji kubwa. Magari ya Marekani tangu mwaka 1996, ya petroli ya Ulaya tangu 2001, na mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000, yana soketi ya pini 16 chini ya usukani, ambayo hupokea mashine ya kusomea misimbo, valizi kwa lugha ya mafundi, au adapta ndogo inayozungumza na simu. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, fundi huunganisha kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1 katika kisanduku kilicho chini ya boneti, kisha huhesabu mimweko ya taa. Mimweko miwili ikifuatiwa na mmoja, yaani msimbo 21, huelekeza kwenye sondi. Kwa mita ya umeme ya dijitali, sondi ya kawaida ya mbele iliyopata joto inapaswa kuvuka huku na huku kati ya volti 0.1 na 0.9 mara kadhaa katika sekunde kumi, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika. Ikigandia chini, fundi apulize gesi kidogo kwenye njia ya hewa: umeme ukiruka juu papo hapo, sondi ni nzima na kosa litafutwe kwingine.

Mnunuzi anayekagua gari Kasumbalesa ana kipimo rahisi zaidi. Ufunguo unapozungushwa kabla ya kuwasha injini, taa ya injini lazima iwake, na injini ikishawaka izime; isipowaka kabisa, kuna uwezekano mkubwa kwamba balbu imetolewa au imezibwa ili kuficha kosa. Valizi nayo huonyesha kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika, na yote yakiwa hayajakamilika katika gari linalosemekana limetoka tu kusafiri kilomita 2,000, basi kumbukumbu ilifutwa muda mfupi uliopita.

Sondi inapobidi kubadilishwa, hufunguliwa bomba likiwa na uvuguvugu, baada ya nyuzi kulowanishwa kwa dawa ya kutu. Mpya hupakwa grisi ya kuzuia kukwama kwenye nyuzi tu, kamwe si kwenye ncha, na soketi yake haipakwi grisi, kwa kuwa sondi nyingi huvuta hewa ya kulinganishia kupitia nyaya zake. Kuichoma ya zamani kwa moto wa gesi au kuiloweka katika petroli, ufundi unaosifiwa mno, huondoa masizi ya juu lakini hakuifufui kauri iliyozeeka.

Limebaki suala la katalizeri zinazokatwa na kuuzwa, biashara iliyopata nguvu hasa mwaka 2021, rodiamu ilipopita dola 20,000 kwa aunsi, bei ambayo hata wafanyabiashara wa kobalti wa Kolwezi wangeistaajabia. Mafundi huziba pengo kwa bomba tupu, kisha huisogeza sondi ya nyuma kwa kipande cha chuma ili taa isiwake. Ni haki kukiri kwamba matumizi ya petroli hayaongezeki kwa ajili hiyo, maana sondi ya mbele huendelea kuongoza. Hasara huwaangukia wanaovuta moshi nyuma ya gari, na waliomo ndani yake pia ikiwa sakafu ina matundu ya kutu. Kwa gari ambalo tayari limepotezewa katalizeri, jambo la kukagua ni uchomeleaji wa bomba, hasa kiungo kilicho karibu na sondi ya mbele: injini ikizunguka huku bado ni baridi, kitambaa kilicholoweshwa hubanwa kwa muda mfupi kwenye ncha ya bomba, na kila mahali panapotoa mlio wa kufoka huchomelewa upya kabla ya kuhukumu kihisi chochote.