Kitenge pekee hakibebi unga: Namna ya kuchagua kitambaa cha mfuko

Na Mwandishi Wetu

TANGU mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, Juni 1, 2019, baadhi ya familia za mijini hujishonea zenyewe mifuko ya kwendea sokoni. Mara nyingi hutumika kipande cha kitenge kilichosalia baada ya kushona gauni. Mfuko hupendeza machoni, lakini ukitiwa kilo tano za unga na chupa ya mafuta, mkono huchomoka na vitu kumwagika njiani.

Kosa si la kitenge. Kitambaa hicho ni chepesi kwa sababu kimekusudiwa kuvaliwa. Jinzi na kaki hufumwa kwa mshazari, kwa nyuzi nene zilizosongamana, ndiyo maana huhimili uzito na msuguano. Turubai la pamba, si lile la plastiki la kufunikia mizigo, ni imara zaidi, ingawa cherehani ndogo ya nyumbani huweza kushindwa kulipenya likikunjwa mara nne.

Anayependa maua ya kitenge hana haja ya kuyaacha. Na akiweke nje, ndani atie bitana ya marekani au kaki ibebe mzigo. Suruali kuukuu ya jinzi nayo yafaa, ila iinuliwe kwanza kwenye mwanga: sehemu za magoti na mapajani mara nyingi huwa zimekwisha.

Kwa mfuko wa begani, pamba ina faida ya kunyonya jasho na kutoteleza. Poliesta si dhaifu, na hukauka upesi, lakini wapo wauzaji wanaoiita pamba. Mnunuzi na achomoe nyuzi chache, azishike kwa kibano na kuziwasha juu ya sahani. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Vitambaa vyote viwili, cha nje na cha bitana, vifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Pamba mpya hurudi ikilowa, na kimoja kikirudi kuliko kingine, mfuko hukunjamana kwa kufuliwa mara moja tu.

Uzi uwe wa poliesta, sindano namba 14 kwa kitenge na namba 16 au 18 kwa jinzi. Mikono ikatwe kwa kufuata mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, kwa kuwa upande huo hauvutiki sana. Iwe mipana ili isikate bega, na ncha zake zishonwe kwa umbo la mraba lenye msalaba katikati.

Mfuko ukikamilika, utiwe kilo tano za mchele na kutundikwa kwenye msumari usiku kucha. Mshono ukifunguka, heri ufungukie nyumbani.