Chujio la Tangi la Samaki ni Makazi ya Bakteria

Maji ya tangi yanaweza kung'aa hata kila kokoto ikaonekana chini, na bado yakawa sumu. Jambo hilo huwachanganya wengi wanaoanza kufuga samaki wa mapambo. Tangi jipya linajazwa leo, kesho samaki kumi wanatiwa, na baada ya siku chache wanahema juu ya maji, kisha wanakufa mmoja mmoja. Kinachowaua ni amonia. Samaki huitoa hasa kupitia matamvua, na haina rangi.

Ziwani sumu hiyo humalizwa na bakteria. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili ikiwa kidogo. Tangini, bakteria hao hujishikiza kwenye chujio, na huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Kwa hiyo anayechagua chujio anachagua makazi ya bakteria. Kunasa uchafu ni kazi ya pili.

Kwa tangi dogo, sponji inayosukumwa na pampu ya hewa inatosha kabisa. Bei yake ni nafuu, haimezi vifaranga wa samaki, na hewa inayopanda huchanganya maji. Chujio la kopo, lile linalokaa chini ya meza na kuunganishwa kwa mipira, hubeba bakteria wengi zaidi na hufaa tangi kubwa. Lakini lina udhaifu ambao nyumba zenye umeme wa kukatika haziwezi kuupuuza: pampu ikisimama kwa saa kadhaa, oksijeni ndani ya kopo huisha na bakteria huanza kufa. Pampu ndogo ya hewa ya betri, pamoja na sponji, huokoa tangi usiku wa giza.

Ukubwa nao una hesabu yake. Wafugaji wengi hutaka maji yote yapite kwenye chujio mara nne au tano kwa saa, yaani lita 400 hadi 500 kwa tangi la lita 100.

Samaki wa Ziwa Tanganyika wanahitaji zaidi. Maji ya ziwa hilo yana pH inayokaribia 9, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa ya amonia inavyobaki katika hali yake ya sumu kali. Kiasi ambacho samaki wengine wangekivumilia, kwao ni hatari.

Hakuna chujio la kawaida linalomaliza nitrati, hivyo robo ya maji ibadilishwe kila wiki, na maji mapya ya bomba yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini. Sponji ikiziba, ikamuliwe kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Ikioshwa bombani, klorini itaua bakteria waliokua kwa wiki sita.